Kilichokatika na kilichobaki mpakani: Mali, Burkina Faso na Niger nje ya ECOWAS

Tarehe 29 Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilikoma kuwa wanachama wa ECOWAS, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika Magharibi iliyoanzishwa Lagos Mei 1975. Wanachama wakapungua kutoka 15 hadi 12. Wengi walitarajia siku hiyo mageti ya mipakani yafungwe na wasafiri waanze kudaiwa viza. Haikuwa hivyo, maana nchi hizo tatu zimefungamana na jirani zao kwa mikataba kadhaa inayopishana, na ukijitoa kwenye mmoja mingine inabaki palepale. Anayetaka kujua kujitoa kunamaanisha nini aziache hotuba kwanza, atazame karatasi anazodaiwa dereva, mfugaji na askari wa doria anapofika mpakani. Ndiyo kazi ya makala hii, na mwishoni tutagusa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki.

Barua, kisha mwaka mmoja

Tangazo la pamoja la serikali tatu za kijeshi lilisomwa Jumapili, 28 Januari 2024, likisema zinajitoa bila kuchelewa. Sheria haiendi hivyo. Ibara ya 91 ya mkataba wa ECOWAS uliorekebishwa mwaka 1993 inataka nchi itoe taarifa ya maandishi ya mwaka mmoja. Katika mwaka huo nchi inaendelea kubanwa na wajibu wake wote na inaweza kuifuta barua yake. Mwaka ukiisha barua haijafutwa, uanachama umekwisha. Haihitajiki kura ya wanachama wengine, wala mkataba hauulizi kama wananchi au bunge la nchi husika wameridhia.

Taarifa rasmi zilifuata baada ya tangazo, na mwezi Februari serikali hizo zikasema mwaka huo hauzihusu, kwa hoja kwamba ECOWAS yenyewe iliuvunja mkataba ilipofunga mipaka. Hoja hiyo inavuma vizuri redioni lakini kisheria haina miguu: anayedai mwenzake kavunja mkataba bado anatakiwa kufuata utaratibu wa kutoka. Hatimaye kalenda iliyofuatwa ni ya Ibara ya 91. Tarehe 15 Desemba 2024 wakuu wa ECOWAS, wakikutana Abuja, waliongeza kipindi cha mpito cha miezi sita hadi 29 Julai 2025. Nchi hizo tatu zilikikataa, zikakiita jaribio la kuziyumbisha.

Zikiwa bado ndani ya mwaka wa kusubiri, tarehe 6 Julai 2024 mjini Niamey, zilikuwa zimekwisha kuunda shirikisho lao, Muungano wa Nchi za Sahel, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa AES. Eneo lake linazidi kilomita za mraba milioni 2.7 na halina hata bandari moja.

Usalama ulivyogeuka kuwa sababu ya kuondoka

Kilichoharakisha mambo ni mapinduzi ya Niger ya 26 Julai 2023, yaliyokuja baada ya mawili ya Mali (2020 na 2021) na mawili ya Burkina Faso, yote mwaka 2022. Siku nne baadaye ECOWAS ilifunga mipaka na Niger, ikasitisha miamala ya fedha, ikatoa wiki moja Rais Mohamed Bazoum arudishwe madarakani na kutishia kutumia nguvu. Nigeria ilikata umeme iliokuwa ikiiuzia Niger, na huo ndio uliokuwa karibu asilimia 70 ya umeme wa nchi hiyo. Tarehe 10 Agosti kikosi cha jumuiya kiliamriwa kukaa tayari.

Kwa watawala wa Niamey, Bamako na Ouagadougou maana ilikuwa moja: tishio la mpakani sasa lina sura mbili, wapiganaji wa kijihadi upande mmoja na majeshi ya jirani upande wa pili. Tarehe 16 Septemba 2023 wakatia saini Mkataba wa Liptako-Gourma, uliopewa jina la eneo ambako mipaka yao mitatu inakutana na ambako mashambulizi yamekuwa makali zaidi. Mkataba unasema atakayeshambulia nchi moja ameshambulia zote.

Walikuwa pia na lalamiko la zamani, nalo lina ukweli ndani yake. Mwaka 2019 ECOWAS ilikubali mpango wa dola bilioni 1 wa kupambana na ugaidi, na utekelezaji wake ukabaki nyuma sana ya ahadi. Askari wa Sahel waliokuwa wakizikwa kila wiki hawakuiona jumuiya kwenye mahandaki yao. Waliiona ilipokuja na vikwazo. Vikwazo vingi dhidi ya Niger viliondolewa 24 Februari 2024, wakati barua za kujitoa zimekwisha kutumwa.

Tabaka ambalo halikuguswa

Nchi hizo tatu zimebaki kwenye UEMOA, umoja wa nchi nane zinazotumia faranga ya CFA, wenye benki kuu moja, BCEAO, yenye makao Dakar. Kwa hiyo kati yao na Senegal, Côte d'Ivoire, Togo, Benin na Guinea-Bissau zimebaki sarafu moja, ushuru wa forodha wa pamoja kwa bidhaa za nje, na haki ya raia kusafiri na kufanya kazi. Palipolegea kweli ni kwa jirani walio ndani ya ECOWAS lakini nje ya UEMOA, hasa Nigeria na Ghana. Mpaka wa Niger na Nigeria peke yake una takriban kilomita 1,600.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Vikwazo vilivyouma zaidi, vile vya kuzuia akaunti za serikali kwenye benki kuu, vilipitia mfumo wa UEMOA. Kama hasira ilikuwa juu ya vikwazo tu, basi waliacha mlango uliowaumiza wakafunga mwingine. Ila kutoka UEMOA ni kutoka kwenye sarafu, na hakuna serikali iliyo vitani inayotaka kuchapisha fedha mpya mwaka huohuo.

Kwa msafiri na mfanyabiashara, siku ya kujitoa ilipofika ECOWAS ilitoa maelekezo ya muda: pasipoti na vitambulisho vyenye nembo yake vinavyoshikwa na raia wa nchi hizo viendelee kutambuliwa, bidhaa zao ziendelee kupita kwa mpango wa biashara huria wa jumuiya, haki ya kuingia bila viza na kuishi ibaki mpaka itakapotangazwa vinginevyo. AES nayo ilikwisha kutangaza Desemba 2024 kwamba raia wa ECOWAS hawatadaiwa viza. Nafuu hizi ni maagizo ya upande mmoja na upande wa pili, na agizo hufutwa kwa waraka wa kurasa mbili. Mwenye duka anayeagiza kutoka Kano, Nigeria, kwenda Maradi, Niger, ahifadhi cheti cha uasilia wa bidhaa kwa kila shehena na aulize kituo cha forodha kabla ya kupakia, maana afisa wa zamu hufanya kazi kwa waraka uliomfikia, na si kila waraka humfikia kwa wakati. Machi 2025 nchi za AES ziliongeza ushuru wao wa asilimia 0.5 kwa bidhaa zitokazo nje ya shirikisho. Ni kidogo kwa kuutazama, lakini huongezwa juu ya tozo zilizokuwapo.

Kilichokatika moja kwa moja ni njia ya kwenda mahakamani. Raia wa nchi mwanachama aliweza kuishtaki serikali yake katika Mahakama ya ECOWAS, Abuja, kwa kuvunja haki za binadamu, tena bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Desemba 2023 mahakama hiyo iliamuru Bazoum aachiwe. Kwa madai yanayozaliwa baada ya kujitoa, mlango huo umefungwa.

Mpaka wenyewe, kwa karibu

Chukua ng'ombe. Kiangazi kinapoanza, mnamo Novemba na Desemba, makundi hushuka kutoka Sahel kwenda Benin, Togo na Ghana kutafuta malisho, kisha hurudi mvua zinapoanza. Uamuzi wa ECOWAS wa mwaka 1998 uliweka cheti cha kimataifa cha kuhamisha mifugo. Hutolewa kule kundi linakotoka, kikiandika kundi lina mifugo gani, chanjo zilizochomwa, njia itakayopitwa, vituo vya mpakani na mwisho wa safari. Kundi huvuka mchana tu, kupitia kituo kilichotajwa. Cheti hicho hufanya kazi mbili kwa mpigo: daktari wa mifugo anajua ugonjwa gani umeingia, na askari anajua nani ameingia.

Cheti kikikosa nguvu, mfugaji haachi kwenda. Nyasi hazisubiri diplomasia. Hupita njia za panya, usiku, ndani ya misitu ya hifadhi za W, Arly na Pendjari inayozihusu Niger, Burkina Faso na Benin. Misitu hiyohiyo ndiyo maficho ya makundi yenye silaha, ambayo humtoza mfugaji zaka kwa nguvu. Doria ikimkuta huko bila karatasi, inamhesabu kuwa mmoja wao. Matokeo yake jeshi linampoteza mtu ambaye angeweza kulipatia habari, na kundi lenye silaha linampata.

Sasa tazama askari. Kikosi cha pamoja cha G5 Sahel, umoja wa zamani wa nchi tano za ukanda huo, kabla hakijasambaratika, kilianza kwa ruhusa ya kufanya operesheni hadi kilomita 50 kila upande wa mpaka. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo kiini cha usalama wa mpakani, kwa kuwa mshambuliaji hupiga upande mmoja akalala upande wa pili. Ndani ya AES ushirikiano huo umeendelea, na Januari 2025 ilitangazwa kuwa kikosi chao cha pamoja kitakuwa na askari 5,000. Kati ya AES na Benin hali ni kinyume: hata kupigiana simu kumekuwa kugumu. Tarehe 17 Aprili 2025 wapiganaji wa JNIM, kundi la kijihadi lenye uhusiano na al-Qaida, waliua askari 54 wa Benin karibu na mipaka ya Niger na Burkina Faso, kwa hesabu ya serikali ya Benin, na baadaye Benin ikalalamika kwamba jirani zake hawatoi ushirikiano upande wao. Machi mwaka huohuo Niger ilijiondoa pia kwenye kikosi cha pamoja cha Ziwa Chad, ambacho si cha ECOWAS kabisa. Ukianza kutoka, milango mingine hufunguka kirahisi.

Daraja la Mto Niger kati ya Malanville, Benin, na Gaya, Niger, linaonyesha gharama yake. Vikwazo vilipoondolewa Niger iliacha upande wake umefungwa, ikidai Benin inahifadhi askari wa Kifaransa wanaotaka kuihujumu; Benin ilikanusha. Watu wakaendelea kuvuka kwa mitumbwi, jambo ambalo kwa usalama ni baya kuliko daraja lenye ukaguzi. Malori yaliyokuwa yakipanda moja kwa moja kutoka bandari ya Cotonou yakalazimika kuzunguka kupitia Lomé na Burkina Faso, na kwenye vipande vya hatari hungoja misafara yenye ulinzi wa jeshi. Kila siku ya kungoja ni posho ya dereva, kodi ya kontena na riba ya benki, na mwisho huonekana kwenye bei ya mchele sokoni Niamey. Mali nayo ilionja Septemba 2025, JNIM walipoanza kuchoma malori ya mafuta yanayotoka Senegal na Côte d'Ivoire. Oktoba serikali ilifunga shule kwa wiki mbili kwa uhaba wa mafuta. Barabara hizo huanzia kwenye nchi ambazo bado ni za ECOWAS.

Kwetu sheria inasemaje

Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ngumu kidogo kuliko ya 91. Nchi inayotaka kujitoa hupitisha azimio bungeni kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si waliohudhuria tu, kisha humpa Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi 12, ambayo inaweza kuifuta kabla haijaisha. Hata ikishatoka, inaendelea kudaiwa majukumu iliyoyabeba ikiwa mwanachama. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali ulisainiwa 1984. Suala hili si la mbali nasi: Juni 2025 Rwanda ilitangaza kujitoa kwenye jumuiya ya Afrika ya Kati, ECCAS, kwa sababu ya mvutano wake na Kongo. Bado iko EAC, na Kongo nayo iko EAC.

Mauritania, iliyotoka ECOWAS mwaka 2000, ilisaini makubaliano ya ushirika na jumuiya hiyo mwaka 2017. AES na ECOWAS zilianza mazungumzo rasmi Bamako Mei 2025. Ya biashara na pasipoti yana mfano wa kuigwa na yanaweza kuandikwa ndani ya miezi. La askari kuvuka mpaka akimfuata mshambuliaji ni gumu zaidi: linahitaji kwanza kila upande ukubali kwamba jeshi la mwenzake si tishio, na hilo ndilo lililowatoa wengine kwenye jumuiya.