Sonona na hali duni: maswali ambayo watu huuliza

Husemwa kwamba hali duni huchochea sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Lakini si kila mtu ana msongo wake, tajiri kwa maskini?

Anao, ila misongo haifanani. Meneja aliyezidiwa na kazi anaweza kuahirisha kikao au kuomba likizo. Mfagiaji wa ofisi hiyohiyo akichelewa kwa sababu mtoto amekesha na homa, anakatwa mshahara na hana pa kulalamika. Kazi nyingi huchosha, lakini kinachommaliza mtu zaidi ni kukosa kauli juu ya maisha yake mwenyewe.

Mwaka 1985, watafiti nchini Uingereza walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London. Wote walikuwa na ajira. Hata hivyo, kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo afya ilivyozidi kuwa mbaya, ngazi kwa ngazi, na wasio na uamuzi juu ya kazi zao walipata zaidi maradhi ya moyo na matatizo ya akili.

Mwilini kunatokea nini?

Ukihisi hatari, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu. Hatari ikipita, unatulia. Lakini kodi ya nyumba haipiti, kila mwezi inarudi. Mwili unaokaa chonjo miezi na miaka hukosa usingizi, huchoka, na sonona hupata njia.

Mbona wengine wenye shida hizohizo hawaugui?

Urithi una nafasi yake, na malezi pia. Lakini mtu wa kumweleza ya moyoni ni kinga kubwa. Bahati mbaya, ufukara huila kinga hiyo: mwenye madeni huona aibu, huwakwepa wenzake, simu ikiita anaigeuza kifudifudi mezani. Tukimwambia "jikaze", tunamwongezea aibu tu.

Basi tiba ni pesa?

Kipato cha uhakika husaidia sana, na ni haki kukidai. Lakini usingoje maisha yanyooke ndipo utibiwe. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki mbili, karibu kila siku, nenda kituo cha afya, na umweleze mhudumu hali ya nyumbani na kazini pia. Mawazo ya kujiua yakikujia, usihesabu wiki: mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitali.