Telomerasi haiisukumi seli, huiondolea ukomo

Wiki hii, kwenye mlango wa maabara ya patholojia ninamofanyia kazi hapa Mtwara, kijana aliyefuata majibu ya mama yake alinionyesha katika simu tangazo la vidonge vinavyodaiwa kuamsha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, na kuzuia uzee. "Shikamoo daktari, hivi vitamfaa mama?" Nilimwambia asivinunue, lakini swali lake linastahili jibu refu kuliko hilo.

Wavuvi wa Mikindani hufunga ncha ya kamba kwa uzi ili isifumuke. Kromosomu, yaani nyuzi za DNA ndani ya seli, nazo zina ncha zilizokingwa, ziitwazo telomia, ambazo kwa binadamu ni herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa maelfu ya mara. Seli inapojigawa, vimeng'enya vinavyonakili DNA haviwezi kuufikia mwisho kabisa wa uzi wa kromosomu, kwa hiyo telomia hupungua kidogo kidogo mpaka seli inaacha kugawanyika. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika takriban mara 40 hadi 60, kisha husimama.

Telomerasi, ambayo Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliigundua mwaka 1984 katika kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena, huziongeza upya herufi hizo kwa kufuata kipande cha RNA, molekuli ya jamii ya DNA, ilichokibeba yenyewe. Seli nyingi za mwili wa mtu mzima zimeizima. Seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine, za kiinitete zinayo kwa wingi, ilhali zile za uboho, zinazotuundia damu maisha yote, zina kiasi kinachopunguza kasi ya ufupisho bila kuuzuia. Anayerithi hitilafu ya kimeng'enya hiki anaweza kuishiwa damu kwa sababu uboho wake umechoka mapema.

Hata hivyo, telomerasi haiiamuru seli igawanyike. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliingiza jeni yake katika seli za kawaida, nazo zikaendelea kugawanyika kupita ukomo wao bila kugeuka saratani. Msukumo wa saratani hutoka kwenye jeni nyingine zilizoharibika. Telomerasi huipa muda. Ninapotazama slaidi ya uvimbe mkali na kukuta, ndani ya duara moja la hadubini, seli tatu au nne ambazo kromosomu zake za zambarau ndiyo kwanza zinaachana, najua kwamba huenda uvimbe ule umepata njia ya kutunza ncha zake. Takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani hufanya hivyo kwa kuiwasha telomerasi.

Ndiyo sababu watabibu wa saratani wanatafuta kuizima, si kuiamsha. Imetelstat, dawa inayoizuia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa baadhi ya wagonjwa wa uboho wanaotegemea kuongezewa damu, na madhara yake makubwa ni kushuka kwa chembe nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu, jambo linalodai uangalizi wa karibu.

Kijana alifuta lile tangazo mbele yangu, akaniomba nimwandikie tarehe ya mama kurudi kliniki.