4,294,967,297 si namba tasa, hata ikikataa 7 na 11

"Nimejaribu 2, 3, 5, 7 na 11, haigawanyiki, kwa hiyo ni namba tasa." Nimechoka kuisikia kauli hii, hasa kwa wanafunzi wa sekondari waliosoma vigawo tangu shule ya msingi.

Chukua 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Gawanya kwa 7, 11 au 13, kila mara kuna baki. Endelea hivyo, na namba tasa 115 za mwanzo zote zitashindwa. Ya 116 ni 641, na hiyo inaigawa bila baki: 641 × 6,700,417.

Kujaribu vigawo vitano na kuacha hakuthibitishi chochote. Ni lazima ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Hapa kipeuo kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo sana, na chini yake zipo namba tasa 6,542.

Hata Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliteleza hapa. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 ikipandishwa kwa kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1) zote ni tasa, akaamini inayofuata katika mfululizo huo, ambayo ni hii yetu, nayo ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha kwamba sivyo. Euler ndiye pia aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa sharti hilo tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu! Ndiyo maana nasisitiza kila siku: kabla hujagusa kikokotoo, jiulize kigawo kinaweza kuwa cha umbo gani.

Wengine huniambia, "Programu imesema ni tasa." Programu ipi, na imepima kwa kizio gani, yaani namba ipi iliyopandishwa kwa kipeo? Jaribio la Fermat kwa kizio 2 linadanganywa na namba hii: 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 4,294,967,296, kisha ikagawanywa kwa namba yetu, baki ni 1, kama ambavyo ingekuwa kwa namba tasa. Tumia 3, utaona ukweli.

Wapo pia wanaodai kwamba namba hii ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 za kompyuta, yaani nafasi 32 za 0 au 1; si kweli. Mwisho ni 4,294,967,295. Ukiilazimisha yetu humo, inageuka 1.

Na wanaodai imeshathibitishwa kuwa baada ya 65,537 hakuna tena namba tasa ya Fermat, yaani tasa katika mfululizo ule, wanakosea. Zilizopimwa zikaamuliwa, zote si tasa. Uthibitisho wa kuzifunga zote zilizobaki haujapatikana.