Je, wajua kwa nini Sultani Barghash hakupata makaa ya mawe Ruvuma?

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa na meli zake za moshi, na meli hizo hazikwenda bila makaa ya mawe yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Ndiyo maana habari za kuwepo makaa kandokando ya Mto Ruvuma, zilizokuwa zikisikika tangu safari za David Livingstone, zilimvutia, na mwaka 1881 akamwajiri Joseph Thomson aende kuyachunguza.

Thomson, mwana wa mwashi, alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Penpont, Uskoti, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Pwani ilikwisha kumfahamu. Mwaka 1879 kiongozi wa msafara wa uchunguzi aliokuwamo, Keith Johnston, alifariki huko Behobeho kwa ugonjwa wa kuhara damu, na Thomson, akiwa na umri wa miaka 21 tu, akaushika msafara huo mpaka ukafika Ziwa Nyasa na kisha Ziwa Tanganyika. Haki itendeke hapa: wapagazi waliongozwa na James Chuma, yule Myao aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na bila yeye sioni jinsi kijana huyo mgeni angefika.

Huko Ruvuma na kwenye tawi lake, Mto Lujenda, Thomson hakukuta makaa yanayofaa kuchimbwa, bali mwamba mweusi uliotokana na tope lililogandamana tabaka juu ya tabaka, likiwa limechanganyika na mabaki machache ya viumbe. Makaa ya mawe halisi hutokana na mimea mingi iliyozikwa katika vinamasi na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo sehemu yake kubwa huungua. Mwamba wa tope, hata ukiwa mweusi vilevile, ukitiwa motoni hutoa moshi na harufu ya mafuta, kisha sehemu yake kubwa hubaki jiwe, na tanuri la meli haliwezi kuendeshwa kwa jiwe.

Sultani hakufurahishwa na jibu hilo. Thomson angeweza kumpa matumaini ili aendelee kulipwa, lakini alisema alichokiona, na kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa wa ubora wake, kuliko hata safari iliyompa umaarufu, ile ya mwaka 1883 na 1884 kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai, ambamo alijeruhiwa vibaya na nyati. Swala tomi amepewa jina lake. Alifariki London mwaka 1895, akiwa na miaka 37.

Makaa ya mawe ya kweli yapo katika Mkoa wa Ruvuma, nayo huchimbwa leo huko Ngaka, wilayani Mbinga, mamia ya kilomita magharibi ya mahali alipotumwa kutafuta.