Je, Wajua kwa Nini Kisigino Huuma Zaidi Asubuhi, Baada ya Kupumzika Usiku Kucha?

Mlinzi aliyesimama kwa saa 12 kwenye lango la jengo katikati ya Nairobi hurejea nyumbani Kayole, akavua viatu na kulala. Anapoamka na kukanyaga sakafu huhisi kana kwamba amechomwa msumari kisiginoni, akachechemea akishika ukuta, na kabla hajamaliza chai maumivu huwa yamepungua. Jioni hurudi. Wachuuzi wa Gikomba, walimu na wapishi wa hoteli wanayajua maumivu haya vizuri, na wengi huyavumilia miezi mingi wakidhani ni uchovu tu. Lakini kama ni uchovu, mbona yawe makali zaidi baada ya usingizi?

Jibu limo katika utando mnene, mgumu kama mkanda, unaotandaa chini ya wayo kutoka mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Utando huo ndio unaoshikilia uvungu wa wayo, yaani ile sehemu ya ndani isiyogusa ardhi. Mwaka 1954 daktari Mwingereza, J. H. Hicks, alieleza kwamba kila tunapoinua kisigino ili kupiga hatua, vidole hukunjika kuelekea juu na kuuvuta utando, kama kamba inavyovutwa ikizungushwa kwenye roda ya kisima. Uvungu huinuka, na wayo hukakamaa ili uweze kuusukuma mwili mbele. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi: akivuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu, atauhisi mkanda huo ukikaza chini ya ngozi.

Usiku tunalala nyayo zikiwa zimeelekea chini, na kwa saa nyingi utando pamoja na misuli ya shavu la mguu hulegea na kufupika. Hatua ya kwanza ya asubuhi huunyoosha kwa ghafla, tena kwa uzito wa mwili mzima, hasa pale unaposhikana na mfupa, upande wa ndani wa kisigino. Hali hiyo hiyo humpata abiria anayeshuka kwenye matatu baada ya kukaa muda mrefu kwenye foleni ya Rongai.

Wengi huamini kwamba kinachouma ni utando uliovimba na kuwaka. Mwaka 2003, hata hivyo, watafiti wa Marekani waliopitia vipimo vya hadubini vya wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji wa kisigino walikuta nyuzi zilizochakaa na kuharibika, si dalili za uvimbe. Vilevile ule mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye picha ya eksirei hulaumiwa kupita kiasi, kwani wapo watu wengi wenye mwiba huo wasiohisi maumivu yoyote.

Nyuzi huchakaa kwa kubebeshwa mzigo zaidi ya uwezo wake: kusimama mno juu ya saruji, uzito wa mwili, misuli ya shavu iliyokaza, au mtu kuanza ghafla kukimbia kilomita nyingi katika msitu wa Karura. Viatu vya mitumba vyenye soli iliyokwisha kubonyea navyo huongeza taabu.

Kwa kuwa tatizo ni uchakavu, kupumzika peke yake hakutoshi. Utando unahitaji kunyooshwa na kuimarishwa kidogo kidogo. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, keti kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha vuta vidole kuelekea kwenye muundi kwa sekunde 10, mara 10, na urudie zoezi hilo mara tatu kwa siku. Watafiti wa Denmark walijaribu zoezi jingine: kusimama kwenye ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo iliyokunjwa, na kuinua kisigino kwa sekunde tatu, kutulia mbili, kisha kukishusha kwa sekunde tatu, wakifanya hivyo siku moja na kupumzika inayofuata. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu, ingawa baada ya mwaka tofauti ilikuwa imetoweka. Kuviringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda hutuliza, isipokuwa kwa mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Sindano za steroidi hutuliza kwa majuma kadhaa, lakini zinaweza kuukata utando, kwa hiyo zisikimbiliwe mapema. Wagonjwa wengi hupona bila upasuaji, ila huweza kuchukua miezi hata kufikia mwaka.

Maumivu yanayomwamsha mtu usingizini, ganzi, homa, kisigino kilichovimba, au maumivu yaliyoanza kwa kuanguka ni mambo mengine, na yanahitaji daktari bila kuchelewa.

Mazoezi hayo yote hufanya kazi kwa shida ikiwa mguu unarudishwa kila siku kwenye saruji ile ile kwa saa 12. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayesimama mahali pa kukaa, ili apumzike kila nafasi inapopatikana. Mlinzi wa langoni ana haki ya kuomba kiti.