Kabla ya Kununua Mashine ya Drai Klina

Wengi wanaokuja kwetu kuomba ushauri wa kufungua drai klina huwa wameshaulizia bei ya mashine. Fremu wameiona, jina la duka lipo. Ukiwauliza kufua na kupiga pasi shati moja kutawagharimu shilingi ngapi, wanacheka.

Tuanze na jina lenyewe. Kwenye drai klina halisi nguo hulowa kama kawaida, ila hailowi maji. Hulowa kemikali, na iliyotumika sana kwa miaka mingi ni perklorethilini. Inatoa mafuta vizuri bila kusinyaza sufu, lakini IARC, shirika la utafiti wa saratani, linaihesabu kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Marekani, Desemba 2024, ilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Ukiletewa mashine ya mtumba ya kemikali hiyo kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kwa nini ilikotoka hawaitaki. Maduka mengi ya mitaani yenye kibao cha drai klina hufua kwa maji na sabuni. Si kosa, mradi mteja anajua na nguo inaruhusu.

Kuruhusu huko kumeandikwa kwenye lebo. Geuza koti la suti, tazama mshono wa ubavuni kwa ndani. Duara lenye P linaikubali perklorethilini. Lenye F linataka kemikali laini zaidi, ya jamii ya petroli. Beseni lililopigwa msalaba maana yake maji yasiguse. Makoti mengi kifuani yana kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi. Ukiyaloweka hovyo gundi inaachia, kifua kinajaa mapovu, na hakuna pasi itakayoyalaza. Hapo unalipa suti ya watu.

Kwa hiyo anza na mashati, kanzu, mashuka na pasi iliyonyooka. Suti zipeleke kwa mwenye mashine, mkubaliane bei ya jumla.

Kisha hesabu. Pasi ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa moja inakula yuniti 2. Usibahatishe: soma mita ya umeme ya LUKU, piga pasi mashati 20, isome tena, gawa. Ongeza sabuni, maji, hanga, nailoni, ujira wa mpiga pasi, na kodi ya fremu iliyogawanywa kwa nguo unazotarajia kwa mwezi. Hiyo kodi ndiyo inayoumiza, hasa mwenye nyumba akitaka ya miezi 6 kwa mkupuo.

Makaratasi hayana ugumu: jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, TIN (namba ya mlipakodi) unaipata TRA, mamlaka ya mapato, na hailipiwi, kisha leseni ya halmashauri.

Ugumu upo kaunta. Kagua nguo mbele ya mwenyewe, pekua mifuko, andika kwenye risiti "kifungo cha pili hakipo, doa la mafuta mkono wa kulia" kabla hajaondoka. Kila nguo ipewe namba kwenye kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, namba ileile iwe daftarini. Mimi niliwahi kurudishiwa kanzu isiyo yangu usiku wa kuamkia Idi, duka limeshafungwa. Iliishia katikati ya muundi. Nikaswali nayo hivyohivyo, na lile duka sijalirudia.