Ukiulizwa “Jieleze”, simulia kazi uliyoifanya

Mwezi wa saba mwaka jana, hapa Mbeya, tulikuwa tunasaili vijana kwa nafasi ya mtunza stoo. Baridi ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Binti mmoja wa upande wa Tukuyu aliingia na shati jepesi jeupe, amekumbatia bahasha ya kaki, karatasi zinamtetemeka mkononi. Mwenzangu kwenye jopo akaninong'oneza kwamba huyu anaogopa. Tukampa chai, mikono ikatulia. Tangu siku hiyo nawaambia wote: vaeni sweta ndani ya koti, hakuna msaili atakayewakata maksi kwa hilo.

Tulipomwambia ajieleze kwa ufupi, akatoa yale mashairi: mchapakazi, mwaminifu, ninajituma, sihitaji kusimamiwa. Nilikuwa nimeshayasikia mara sita kabla ya saa nne asubuhi. Si kwamba ni uongo. Ila fomu yangu ya maksi haina pa kuyaandika, maana kila mtu anayasema.

Nikafunga faili lake, nikamuuliza msimu wa parachichi huwa anafanya nini nyumbani. Sauti ikabadilika. Akasema huwa anaandika mizigo ya wakulima jirani kabla gari la mnunuzi halijaondoka. Siku moja daftari lake na hesabu ya dereva vilipishana kreti nne. Akakataa kusaini mpaka mzigo wote ukashushwa na kuhesabiwa upya. Kreti zilikuwa nyuma kabisa, chini ya turubai.

Hiyo ndiyo kazi ya stoo yenyewe! Na kwenye wasifu wake haikuwamo hata mstari mmoja. Kwa nini? “Haikuwa ajira,” akasema.

Nimekaa upande wa jopo miaka 11, Mbeya na Iringa, na hapa ndipo naona vijana wetu wengi wakiangukia. Tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya wakubwa, huinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini. Malezi mazuri, sikuambii uyaache. Toa shikamoo yako, ngoja ukaribishwe kiti. Ila swali likianza, mwangalie anayeuliza mpaka amalize, halafu simulia: kulikuwa na tatizo gani, ukafanya nini, likaishaje. Ulifanya nini wewe. “Tulifanya” ni adabu yetu, najua, lakini jopo haliwezi kuajiri ukoo mzima.

Kuhusu vyeti sitasema mengi, ila watu wanarudishwa mlangoni kila mara. Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haisimami badala ya cheti. Nauli na malazi ni juu yako. Halafu kagua majina herufi kwa herufi. Huku kwetu Tusajigwe wa cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa Tusayigwe kwenye cheti cha shule, kwa sababu mwalimu aliandika alivyosikia. Kwa masikio ya Rungwe ni mtu mmoja. Kwa mhakiki wa vyeti ni wawili, na atataka hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Ishughulikie sasa, usisubiri kuitwa, maana ukishaitwa siku zinakuwa chache.

Mazoezi ya kioo mimi siyaamini sana. Kioo hakiulizi swali. Mkalishe mama au shangazi mezani baada ya chakula, msimulie kazi moja tu uliyowahi kuifanya, dakika mbili. Akianza kupiga miayo, tafuta kisa kingine. Akikukatiza na “ehe, kisha ikawaje?”, hicho ndicho cha kuja nacho.